Tonge la Jenerali

Kwa miaka miwili chakula cha Mitchel kiliishia chini ya meza, mdomoni mwa Jenerali, mbwa wao. Mamake alishangaa: binti fundi wa nguo anakonda, mbwa ananenepa kama fahali wa mapigano wa Malinya. Mitchel alipozimia kwenye cherehani, ndipo akamweleza mshauri mjini Kakamega ukweli: kila tonge lilimtia hofu. Wakaanza polepole, tonge kwa tonge, miezi minane ya machozi na ukaidi.

Jumapili Mama alipakua obusuma, ugali wa kwao, na mchuzi wa kuku. Jenerali akaja mbio, akaweka kichwa kwenye goti la Mitchel kama kawaida. Mitchel akamega tonge, akalichovya, akalimeza. Mbwa akalia kinyonge.

"Wewe utapikiwa chako," Mitchel alimwambia, akimega lingine. "Hiki ni changu."