Gundi ya Sange katika Mvua ya Bukavu

Ngozi ya ng'ombe ikichemka polepole ndani ya kopo hainuki kama mchuzi, wala hainuki kama kitu kilichooza. Harufu yake iko katikati, nzito, yenye utamu fulani usiopendeza, na ikishaingia kwenye nguo haitoki upesi. Kiangazi kile nyumba yetu ya Kadutu, mjini Bukavu, ilinuka hivyo kuanzia mlangoni hadi kwenye magodoro. Kule mlimani nyumba zimebebana, na kijia cha watu kilipita karibu kugusa kizingiti chetu, kwa hiyo majirani walifunika pua kwa vitenge na kuuliza kama tunapika viatu. Mama, ambaye siku nyingine hakuvumilia hata harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, waliolala, hakuwajali. Alikaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, akipepea moto kwa kifuniko cha sufuria, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko wakati wowote tangu baba arudi nyumbani.

Baba alikuwa amerudi kutoka Kamituga mvua zilipokuwa zinaisha. Alikuwa akichimba dhahabu kule, na shimo walimokuwa liliporomoka. Yeye alitolewa mzima. Mwenzake, Bahati, aliyekuwa akichimba naye bega kwa bega, hakutolewa. Hayo tuliyajua kutoka kwa mtu wa pikipiki aliyemleta, kwa sababu baba mwenyewe hakusema. Mwilini hakuwa na jeraha la kutisha. Alikula alichopewa, alioga, alikwenda misa ya Jumapili na kukaa mahali pake pa zamani, lakini maneno yalikuwa yamemwisha. Ukimsalimu aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa mtoto wao wa pekee, karibu kuingia darasa la sita, na nilizoea baba anayerudi kutoka machimboni na hadithi za kutosha wiki nzima. Huyu mpya aliketi mlangoni kuanzia asubuhi akitazama mabati ya nyumba za chini yetu, nami nilipita kando yake kwa vidole vya miguu, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala.

Kabla ya kufuata dhahabu, baba alikuwa mpiga gitaa. Alipiga kwenye harusi na kwenye kwaya ya parokia, na gitaa lake lilibaki ukutani miaka yote aliyokuwa machimboni, chini ya bati lililovuja. Mama ndiye aliyewaza kwamba likitengenezwa huenda akalishika. Tulipolishusha tuliona hali yake. Vile vyuma vyembamba vinavyolala kukatiza shingo ya gitaa, ambavyo mpigaji hubana nyuzi juu yake ili apate sauti, vilikuwa vimeinuka. Unyevu ulikuwa umevimbisha mbao, kisha kiangazi kikazikausha, na mifereji iliyoshika vyuma ikalegea. Ukipitisha mkono ubavuni mwa shingo, ncha zake zilikukwaruza. Uzi ukiguswa ulilia kama nzi ndani ya chupa. Mama alishuka sokoni akarudi na kichupa kidogo cha kole ya haraka, gundi ile ambayo mafundi wa viatu hutumia mteja akiwa bado amesimama.

Tuliketi naye sakafuni, yeye akishika shingo ya gitaa, mimi nikiwa nimeshatoboa kichupa kwa pini. Baba alikuwa palepale mlangoni, ametupa mgongo. Sijui aliona nini, labda alisikia harufu kali ya ile kole. Aligeuka.

"Ile kole hapana, Mama Nsimire," alisema.

Nsimire ni mimi. Mkono wangu ulibaki hewani. Mama hakuinua uso. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa akimtazama atanyamaza tena. Aliuliza tu sababu, kwa sauti ya mtu anayechambua maharage, "Juu ya nini?"

"Ile ikishika, haiachii tena. Siku utataka kutoa chuma, kitatoka na mbao."

Mama hakujua lolote kuhusu gitaa, lakini alianza ubishi mara moja. Alisema kole ni kole, kazi yake kushika. Baba akaeleza kwamba vyuma huisha kwa kusuguliwa na nyuzi, na lazima ije siku ya kuving'oa na kutia vingine, kwa hiyo gundi nzuri ni ile inayoshika na pia inakubali kuachia. Mama akasema basi tutumie kole nyeupe ya maseremala. Baba akaikataa hiyo pia, akisema ni ya meza na vitanda. Mama akaitetea kole nyeupe kama ndugu yake wa damu. Alibishana mchana kutwa juu ya jambo asilolielewa, na kila mara sauti ya baba ilipoanza kufifia, mama alitafuta kosa jipya la kusema ili baba amjibu.

Mwishoni baba alisema atatumia gundi ya ngozi, kama alivyofundishwa na mjomba wake huko Sange, kwenye tambarare kavu ya Ruzizi, aliyetengeneza viti na magitaa. Alinituma kwa wachinjaji kuomba vipande vya ngozi. Tuliviloweka kwenye maji ya chokaa hadi manyoya yakalegea, tukavikwangua, tukavisuuza kwa maji mengi, kisha tukavipika kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji, ili visiungue. Baba alinipa kijiti na kunionyesha namna ya kukoroga bila kutia mapovu. Ilikuwa kazi ya uvivu, isiyoharakishwa. Siku ya pili ya kupika, tukiwa watatu kuzunguka lile kopo, alianza kusema bila kuulizwa.

"Bahati alikuwa anaimba mule ndani," alisema. "Kila siku. Udongo ulipoanguka, aliendelea kuimba kidogo. Mimi nilikuwa namusikia. Kisha akaacha."

Mama aliweka chini kifuniko alichopepea nacho. Baba alilia, bila kelele, na mama akamshika mkono. Mimi niliendelea kukoroga kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, na pia kwa sababu gundi ingeungua.

Vyuma vilirudishwa kimoja kimoja kwa nyundo ndogo, gundi ikiwa bado ya moto, na gitaa likapona. Baba alipiga sehemu yote iliyobaki ya kiangazi kile, kwanza akiwa peke yake, baadaye kwaya ikaja kumchukua. Halafu shule zilipofunguliwa na mvua ikarejea, ncha za vyuma zikaanza kuinuka tena. Mimi ndiye niliyeziona kwanza, na niliogopa kumwambia, nikidhani maneno yatamkauka mara ya pili. Alizigusa kwa kidole gumba, gundi ikiwa imelainika kwa unyevu. Mama akasema kwa upole, "Hapa si Sange, Papa Nsimire. Hapa mvua iko inalala na sisi." Baba akacheka. Alicheka hadi akakaa chini, na siku hiyohiyo alinituma kwa seremala kuomba kole nyeupe. Alisafisha mifereji kwa maji ya moto, akatia ile kole kwa ncha ya kijiti, kidogo sana, akafunga shingo kwa vipande vya mbao na kamba mpaka kesho yake. Vyuma vile vilidumu hadi nilipomaliza sekondari.

Sasa Bukavu ina kole za kila namna, na vijana wanaoleta magitaa yao kwa baba wamekwisha kuona kwenye simu ipi ni bora. Yeye huwasikiliza, kisha huwaeleza kwa nini wamekosea, na maelezo yake hayaishi. Mama humwomba apumzike kidogo ili asikie habari redioni. Wakati ule tuliomba Mungu atupe neno moja tu kutoka kinywani mwake. Leo wanangu humkatiza babu yao katikati ya hadithi bila kujua wanakatiza nini. Niliwahi kuwaambia kwamba palikuwa na kiangazi kilichoanza mtu huyu akiwa haongei kabisa. Walinitazama kwa adabu, kama watoto wanavyomtazama mkubwa aliyechanganya majina ya watu, kisha wakarudi kubishana naye.