Kilio cha Fundi wa Mashua

Mwalimu wetu wa mashine za mashua alikuwa na tabia yake. Mwanafunzi akiacha masomo, yeye alibeba mkeka, akaenda kukaa kilio nyumbani kwao. Alivua viatu, akaketi chini mbele ya mlango, akashika tama, wala hakusema neno mpaka aulizwe nani amekufa.

Mji wetu wa Kamina ni mji wa reli. Mto Lualaba uko mbali, huko Mulongo, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuuona. Karakana ya shule ilikuwa na mashine moja tu ya mashua. Tuliifunga kwenye ukingo wa pipa lililojaa maji, kwa sababu mashine ya namna hiyo hunywa maji ya mto ili isiungue. Mabomba ya mji yalikuwa yamekauka, hivyo sisi mafundi wa kesho tulishinda tukichota maji bondeni, ndoo vichwani. Watu walitucheka. Mimi nilichukia kuchekwa kuliko nilivyoichukia ndoo.

Vita vilipoanza kutajwa redioni, marehemu baba aliniachisha masomo. Alikuwa na duka la chumvi na vitenge pale nyumbani, kama wazee wake waliotoka Maniema.

"Mashua mu Kamina? Itapita wapi, ku reli?" alisema. "Biashara njo iko inakulisha. Ikala mu duka."

Nilikaa, nikanuna. Ufundi ule ndio kitu pekee nilichowahi kujichagulia mwenyewe, na sasa nilikuwa napima chumvi.

Haukupita muda, mwalimu akaja na mkeka wake. Jirani yetu, mama muuza mihogo, alisimama.

"Nani njo alikufwa?"

"Fundi," mwalimu alijibu, uso umemsawijika. "Fundi muzuri kabisa, wa mu nyumba hii."

Mama yule hakuuliza zaidi. Alitua beseni lake, akapiga yowe. Wanawake wengine wakaja mbio huku wakijifunga vitenge viunoni, na kilio kikawa kilio. Ilibidi mama yangu anivute nje watu wanione niko mzima. Baba alisimama mlangoni akifoka.

"Mwalimu, weye uko unaniletea mukosi!"

"Munirudishie mutoto, baba, miye nitakunja mukeka."

Baba alinitazama, akautazama umati.

"Enda," aliniambia. "Enda haraka, bantu basilete sanda."

Nilirudi karakanani nikicheka njia nzima.

Kisha vita vikafika vyenyewe. Askari waliokuwa wakikimbia waliingia karakanani, wakabeba mashine, pipa wakaliacha. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira: walikwenda kuvuka nayo mto gani? Mwalimu alifunga karakana, akajifungia nyumbani kwake. Wenzetu wakatawanyika, wengine wakavaa sare. Tukabaki watatu. Wakubwa walituambia maji yakimwagika hayazoleki. Sisi tuliokuwa tumechota maji kila asubuhi hatukutaka hata kusikia.

Tulibeba mkeka wa mama, tukaenda kwa mwalimu. Tulivua viatu, tukaketi mbele ya mlango, tukashika tama. Mkewe alitoka, mkono kifuani.

"Batoto, nani njo alikufwa?"

"Mwalimu yetu, mama."

Nilikuwa nimedhani nitalisema neno hilo kwa utani, kama yeye alivyofanya kwetu. Badala yake nililia kweli, kwa nguvu, bila haya, na wenzangu nao wakalia. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile mbele ya duka letu mwalimu hakuwa akitania hata kidogo.

Mlango ulifunguka. Mwalimu alikuwa kifua wazi, ndevu zimemjaa. Alitutazama mmoja mmoja. Halafu akavua kandambili zake, nasi tukasogea, akaketi katikati yetu.

"Mashini ikianza kupata moto," alisema, "munaangalia nini kwanza?"

"Maji!"

"Inaingilia wapi?"

Nikafuta machozi kwa kiganja, nikaanza kuichora mashine mchangani kwa kidole. Mwenzangu akanisahihisha, tukabishana. Majirani walikuwa wameshafika, vitenge vimefungwa viunoni, wakiuliza ni nani aliyekufa.

Mwalimu hakuinua kichwa.

"Hakuna muntu," alisema. "Tuko mu masomo."