Kadi ya Gari la Verlene

Orrin Haskett alifariki mwezi wa kumi, akamwachia mkewe Verlene gari-nyumba jeupe la mita kumi, lenye kitanda, jiko na choo, pamoja na droo iliyojaa karatasi. Hawakuwa na makazi mengine. Nyumba yao ya Ohio waliiuza miaka kumi na moja nyuma, na tangu hapo kila majira ya baridi waliegesha jangwani Arizona, hatua hamsini kutoka kwenye gari letu mimi na mke wangu Twyla.

Orrin ndiye aliyeendesha, ndiye aliyepanda paani, ndiye aliyejaza fomu. Verlene alipika, akasoma ramani, akamkumbusha dawa zake za presha. Leseni alikuwa nayo, lakini usukani wa gari lile hakuwahi kuushika.

Januari mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, maji yakawa yanadondokea kitandani, upande wa Orrin. Verlene akaja kuazima ngazi. Jirani yetu Duane, mgane asiyejua kufunga mdomo, akamkuta anapanda na kopo la gundi ya paa.

"Verlene, mama, ukianguka huko nani atanipikia maharage?"

"Utakula ya kopo kama ulivyozoea. Na ushike ngazi, usishike kiuno."

Alishinda kule juu akikwangua gundi kuukuu iliyopasuka kuzunguka dirisha la paani, akafuta vumbi, akapaka mpya. Aliposhuka magoti yalikuwa yamechubuka. Akasema paa si kazi. Kazi ni ile droo.

Twyla akamsaidia kuipanga mezani. Bima ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na kampuni haikukubali kuiendeleza kwa jina la marehemu. Kadi ya gari nayo ilikuwa na jina moja tu, la Orrin. Basi nikawapeleka mjini kwa pikapu, Verlene amepakata cheti cha ndoa na cheti cha kifo kwenye bahasha moja.

Karani wa ofisi ya magari alisoma kila karatasi kwa ncha ya kalamu.

"Mama, namba za chasisi hazifanani. Tarakimu ya mwisho kwenye kadi ni nane, kwenye bima ni tatu."

"Gari ni lile lile, mwanangu."

"Nakuamini. Lakini mkaguzi lazima aione kwa macho yake. Lileteni gari lenyewe Alhamisi."

Njiani nikamwambia, "Usijali, shemeji. Alhamisi nitakuendeshea."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa kuna nini?"

"Kuna Ijumaa, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Utahamia kwangu? Twyla, unamsikia mumeo?"

"Mchukue tu," Twyla akasema. "Ila anakoroma."

Siku mbili tulifanya mazoezi kwenye uwanda mkavu. Mimi nilikaa pembeni nikikanyaga breki isiyokuwepo. Aligonga pipa la taka mara moja, akarudi nyuma, akalitazama kwenye kioo, akasema sasa amejua gari lake linaishia wapi.

Alhamisi alifunga gesi, akashusha antena, akapima upepo wa matairi yote sita, akapandisha jeki zinazolisawazisha gari likiegeshwa. Alisahau komeo la kabati. Tulipokata kona ya kuingia barabara kuu, sahani zilimwagika sakafuni, zikavunjika kwa kishindo. Nikaruka. Yeye hakusimama.

"Za mama mkwe," alisema, macho mbele. "Sikuzipenda hata siku moja."

Mkaguzi alilala chini ya gari, akafuta vumbi kwa kitambaa. Tatu. Mtu alikosea kuandika miaka kumi na moja iliyopita, na hakuna aliyegundua. Tukarudi dirishani. Karani akachukua rula, akaiweka juu ya jina la Orrin kwenye kadi ya zamani ili alikate.

"Subiri kidogo," Verlene akasema.

Karani akainua kalamu. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyeguna. Verlene akaliangalia lile jina, akavuta pumzi, akafuta miwani.

"Haya. Kata."

Kadi mpya ilipotoka aliisoma herufi kwa herufi na namba kwa namba, mara mbili, kabla ya kuondoka dirishani.

Kisha akapitia kituo cha maji. Akavaa glavu, akamwaga tangi la maji machafu, akasuuza bomba, akajaza maji safi. Nilipotaka kumshikia bomba alinifukuza kwa mkono.

Kambini aliegesha mlango ukitazama mashariki. Nikamkumbusha kwamba Orrin siku zote aliuelekeza kusini.

"Najua," akasema, huku akigongea kabari chini ya gurudumu. "Mimi napenda kunywa kahawa nikiota jua la asubuhi. Niletee ufagio, shemeji, kabla sijajikata miguu na zile sahani."