Shida Husemwa Njiani

Kwetu mgeni haelezwi shida akiwa amekaa. Akikaa huulizwa safari, hupewa maji, hulishwa, na akiuliza hali za watu huambiwa njema, hata kama anayemjibu ana homa na amejifunika shuka mbili. Shida husubiri mpaka mgeni ainuke aage. Hapo mwenyeji humsindikiza, na katika kumsindikiza, baada ya hatua kumi au ishirini, ndipo husema, "Ila sasa..." Kila jambo zito la ukoo wetu, posa, talaka, shamba la kugombewa, lilianzia kwenye hiyo "ila sasa", nje ya nyumba, watu wamesimama. Desturi hiyo nimezaliwa nayo. Sijui ni shetani gani aliyenisahaulisha siku niliyomleta mkurugenzi.

Mwaka huo nilikuwa mpya katika siasa. Kabla ya kuchaguliwa mjumbe wa baraza la mkoa nilikuwa nikiuza pweza mkavu sokoni Mocímboa da Praia, na nadhani watu walinichagua kwa sababu ya sauti yangu, maana nikinadi pweza nilisikika mpaka bandarini. Kazi ya mjumbe, walivyonieleza Pemba, yaani Pemba ya huku kwetu bara, makao makuu ya mkoa, ni kuwaunganisha wananchi na serikali. Nikaiona kazi nyepesi. Serikali ninaileta kwa gari, wananchi wapo, waungane.

Kijiji chetu kiko kusini ya Mocímboa, njia ya kwenda Quiterajo. Tulikuwa tumekimbia vita, tukarudi, tukaezeka upya. Zahanati ilikuwa na kuta na rangi mpya, lakini waliokuwa wakiishi ndani ni popo. Idara ya afya ilikuwa na nesi mmoja tu wa kupeleka upande ule, na vijiji vitatu vikimtaka. Mkurugenzi wa idara hiyo angevitembelea vyote, asikilize watu, kisha aamue.

Nilimtaka nesi yule kuliko nilivyotaka kuchaguliwa tena. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza alijifungulia njiani, nyuma ya pikapu iliyobeba mihogo, tulipokuwa tukimkimbiza Mocímboa, na mtoto hakufika. Nilikuwa nimempakata mimi. Kwa hiyo nikisema nilikuwa na haraka na nesi, sisemi kisiasa.

Mkurugenzi alifika asubuhi, gari lake likiwa katikati ya magari mawili ya askari. Alikuwa mtu wa kusini, mpole, mwenye viatu vyeusi vinavyong'aa na daftari jipya. Kiswahili hakujua, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Askari walisema saa nane kamili wanageuza, hawataki kukutwa na jioni njiani. Nilikuwa nimeshapata habari kwamba jana yake, kijiji cha jirani, walimlaza mikekani kila mwenye kikohozi, na wazima kadhaa waliombwa walale tu kuongeza safu. Nikacheka, lakini cheko halikufika tumboni.

Mjomba wangu ndiye mwenyekiti wa kijiji. Alivaa kanzu ya Idi na koti juu yake, akafungua kikao kwa Fatiha. Kina mama wakaimba, wamevaa kapulana, vitenge vya kwetu, za sare. Viti vya plastiki tulivipata kwa binamu yetu anayepika kwenye kambi ya gesi ya Afungi, na wali na pweza wa nazi vikaja mpaka mkurugenzi akalegeza mkanda. Kisha akasimama, akauliza afya za watu wa hapa zikoje.

Mjomba akajibu kwa niaba ya wote kwamba ni njema, alhamdulillahi.

Nikatafsiri, nikatia chumvi kidogo: anamshukuru Mungu, lakini hali ni ngumu sana. Mkurugenzi akawatazama watu. Watu wamejipaka mafuta, wanatabasamu. Akauliza wagonjwa wako wapi. Mjomba akasema hapana mgonjwa. Yeye mwenyewe mguu ulikuwa umemvimba tangu Ramadhani, kauficha ndani ya kanzu. Bibi mmoja mwenye pumu alikuwa amehamishiwa nyumba ya mwisho asije akamkoholea mgeni. Mdogo wangu alikuwa jikoni anakuna nazi, amejifunga kapulana mbili tumbo lisionekane. Nilimkonyeza mjomba mpaka jicho likaniuma, naye akaniuliza mbele ya watu kama nimeingiwa na mchanga.

Ilipokaribia saa nane mkurugenzi alifunga daftari. Akaninong'oneza kwamba amefurahi, hajaona kijiji chenye siha namna ile, na kwamba nesi itabidi aende kwenye uhitaji zaidi. Nilikasirika na mjomba, na mafuta ya nazi, na kila aliyetabasamu. Askari wakawasha magari. Mkurugenzi akaaga, akashika mlango wa gari, na hapo nikamwona mjomba anainuka, anaweka kofia sawa, anachukua bakora, na wanaume wote wanainuka nyuma yake.

Walikuwa wanakuja kumsindikiza. Yote walikuwa wamemwekea hapo. Na gari halisindikizwi; gari hupungiwa mkono.

Nikasema uongo wangu wa kwanza wa kisiasa. Nikamwambia mkurugenzi mchanga wa kutokea kijijini ni mlaini mno, magari hayavuki yakiwa na watu, lazima ashuke atembee mpaka kwenye ardhi ngumu. Dereva, aliyepita palepale asubuhi bila taabu, akafungua mdomo. Nikamtazama nilivyokuwa nikiwatazama wanaobonyeza pweza wangu bila kununua, akaufunga. Mkurugenzi, mtu mwema, akavua viatu na kukunja suruali. Mgeni habebi viatu vyake, kwa hiyo mdogo wangu akatoka jikoni akampokea.

Mjomba akamshika mkono, kama wanaume wa kwetu wanavyotembea wakiwa na la kusema. Mkurugenzi akautazama ule mkono wake ulioshikwa, asijue aufanye nini, akauacha. Wakaenda hatua kama kumi.

"Siye hatujambo, bwana mkubwa," mjomba akasema, "ila sasa tunakufa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Hapakuhitaji chumvi.

Basi ikawa mvua. Mjomba akapandisha kanzu, akaonyesha mguu. Wa malaria akasema, wa macho akasema, bibi wa pumu akaletwa mbio kwa baiskeli aje akohoe. Kina mama waliokuwa wakiimba asubuhi wakataja waliofia uzazini, kila mmoja kwa jina la baba yake na la mama yake, nami natafsiri huku nahema. Askari, waliotangulia na magari, walikuwa wakipiga honi, mpaka mmoja wao akashuka akaulizia jino lake. Mkurugenzi akasimama katikati ya mchanga, amechanganyikiwa, akauliza kwa nini hawakuyasema haya kule kikaoni.

"Kule ulikuwa bado mgeni," mjomba akamjibu.

Tulipofika kwenye magari mdogo wangu akataka kumwekea viatu chini, asiweze kuinama. Ndipo mkurugenzi akaliona tumbo. Akaniuliza huyu ni nani. Nilimwambia, nikamwambia na habari ya pikapu ya mihogo, na sauti yangu, ile ya kufika bandarini, haikufika hata kwa dereva. Mkurugenzi aliweka daftari juu ya boneti, akafuta mstari, akaandika mwingine, akapanda gari na mchanga wake miguuni.

Baada ya wiki tatu nesi akaja. Alikuwa binti wa Nampula, Mmakua, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nami nikaja kwa ufunguzi, nikahutubia kuliko ilivyohitajika. Siku nzima alikaa mezani na kitabu cha wagonjwa wazi mbele yake. Watu walikuja wengi. Walimletea madafu, mihogo, kuku aliyefungwa miguu. Mdogo wangu akamletea vitumbua, akakaa naye jamvini muda mrefu, mara anauma midomo, mara anacheka. Kila aliyeulizwa hali alisema njema. Saa kumi nesi akafunga kitabu hakina jina hata moja. Akaniambia kwa Kireno, kwa uchungu, kwamba pengine amepelekwa pasipohitaji mtu.

Nami, mjinga wa kuhitimu, nikaanza kumfariji. Nikambebea kuku, tukatoka kwenda kwenye nyumba aliyopewa. Hatukufika kisimani nikasikia miguu nyuma yetu. Nikageuka. Kijiji kizima kilikuwa kinatusindikiza, mjomba mbele na mguu wake.

Nesi aliangalia macho akitembea, akashika mapaji ya nyuso akitembea, akaandika majina kwenye kitabu akikiegemeza mgongoni mwangu. Mlangoni kwake wakaaga mmoja mmoja, akabaki mdogo wangu, ameshika kizingiti kwa mikono miwili.

"Mimi sijambo, dada nesi," akasema, "ila sasa chupa imepasuka tangu adhuhuri."

Nilimwachia kuku akarukaruka na kamba zake. Nilitaka kumpiga mdogo wangu kofi, na papo hapo nilitaka kumbeba. Nesi akamwingiza ndani. Alinawa mikono, akatuamrisha, na mtoto akazaliwa kabla ya adhana ya magharibi, kwenye kitanda ambacho mwenyewe hajakilalia hata mara moja. Alilia kwa sauti yangu. Nami nikalia, sikuona haya.

Nesi alikaa chini pembeni ya kitanda, jasho linamtiririka, shuka zake mpya hazitazamiki. Akaniuliza kwa nini mwanamke yule amekaa naye jamvini na uchungu mchana kutwa, anakula vitumbua, asimwambie.

"Mchana," nikamwambia, "ulikuwa bado mgeni."