Watoto Aliowaacha Wabwire

Mtu akifiwa pale Mowlem, akishamalizana na watu wa mochari, humtafuta Nerima. Ndiye anayechapa wasifu wa marehemu, kile kijitabu cha rangi ambacho mtaani kila mtu anakiita yulogi, chenye picha ya marehemu akiwa amevaa suti ambayo pengine haikuwa yake. Miaka kumi na moja sasa amewaandika wafu wa Mowlem, wa Dandora na wa Njiru, kwenye kompyuta iliyobanwa chumbani kati ya kitanda na kabati la nguo. Watu humletea karatasi zilizoandikwa kwa mkono, naye huzipanga. Haongezi neno wala hapunguzi. Mjane mmoja aliwahi kumsihi amtoe mke mwenza kwenye ukurasa wa tatu, Nerima akamwambia kwa upole aende akazungumze na familia yake kwanza.

Kazi yake ina namna moja tu. Hufungua faili ya marehemu wa mwisho, akaihifadhi kwa jina jipya, kisha akaandika juu ya yale yaliyomo: jina juu ya jina, shule juu ya shule, tarehe juu ya tarehe. Ukurasa haubadiliki, wanaobadilika ni watu. Hatari yake ni kusahau. Mwaka wake wa kwanza alisahau mstari mmoja, na huko makaburini mshereheshaji akawaita kwa kipaza sauti wajukuu wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza anachofuta ni majina ya watoto, na ndivyo alivyomfundisha kila aliyejifunza kazi kwake.

Jumatano ile aliyetakiwa kuandikwa alikuwa mume wake.

Wabwire alifariki Alhamisi iliyotangulia, baada ya figo kumtesa miaka miwili. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha magodoro, na ugonjwa ulipomrudisha nyumbani akawa anaketi na Nerima chumbani, akajifunza kuchapa kwa vidole viwili na kugombana na mashine kama anayegombana na kondakta. Nerima hakuwa amemlilia. Siku sita. Wanawake wa kanisani walimtazama kwa jicho la pembeni, mmoja akamtia leso mkononi, naye akaitumia kupangusa vumbi la skrini. Hakuwa anajikaza, kama walivyodhani. Hakuhisi kitu. Chai aliinywa bila kujua kama ina sukari.

Sebuleni kamati ya mazishi ilikuwa ikibishana juu ya basi la Ijumaa la kwenda kumzika Bungoma, kwao. Mwenyekiti alikuwa Wekulo, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa kalamu mbili mfukoni na sauti ya kutoa matangazo. Jana yake, mbele ya kamati nzima, Wekulo alikuwa amesema lake.

"Mama Makokha, kwa yulogi watoto ni wawili. Makokha na Job. Huyu msichana tunampenda, hakuna aliye na ubaya naye, lakini alikuja na wewe. Tutamweka kwa marafiki wa familia."

Huyu msichana ni Triza. Nerima aliolewa akiwa naye, mtoto wa miaka mitatu, na sasa ana ishirini na tano. Ndiye aliyekuwa akimpeleka Wabwire kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, ndiye aliyemkata kucha wodini. Wekulo aliposema hayo Triza alikuwa amesimama na trei ya vikombe. Aliwapa wote chai, akianza na Wekulo, kisha akarudi jikoni. Na kule kwao Wabwire yulogi si karatasi ya kujipepea tu. Watoto huitwa mmoja mmoja kwa kufuata majina yale, wakasimama kando ya jeneza, wakatupa udongo. Asiyeandikwa hukaa kwenye hema la wageni na kula sahani ya wageni.

"Shemeji, Baba Makokha aliandika yulogi yake mwenyewe," Nerima alimjibu. "Iko kwa kompyuta. Aliniambia amemaliza, na kila mtu yuko ndani."

Wekulo alikuna kidevu. "Kama aliandika mwenyewe, hapo mimi sina maneno. Siwezi bishana na marehemu. Lakini niione kesho kabla ya saa saba, kwa sababu yule mtu wa kutoa nakala kule Muthurwa anangoja. Ikikosekana, kamati itaandika."

Tatizo lilikuwa kompyuta yenyewe. Mwezi mmoja kabla ya kifo, kila ilipowashwa ilikuwa ikilalamika kwamba mfumo wake umezeeka na hautapata tena ulinzi. Nerima akamwita Muriuki, fundi mwenye kibanda karibu na steji ya matatu, mtu mzima anayejua kazi yake. Muriuki akang'oa diski ya zamani, akaweka mpya, akasimika mfumo mpya, na mizigo yote ya zamani akaimimina kwenye folda moja. Mashine ikawa inawaka kabla hujaketi vizuri, ingawa Nerima, aliyeshinda hospitalini tangu siku hiyo, hakuchapa kazi yoyote juu yake. Wabwire alipouliza akiwa kitandani hospitalini, "Vitu vyangu viko?" Nerima alimjibu, "Viko vyote," na hakuwa ameangalia.

Saa tatu asubuhi akaketi kuangalia. Folda ya zamani ilikuwepo, na ndani yake folda yenye jina la Wabwire. Alipoibonyeza, mashine ikamwambia kwa Kiingereza cha heshima kwamba hana ruhusa ya kufungua folda hiyo. Siku nyingine angeicheka, maana alilala na mwenye folda miaka ishirini na miwili. Alichukua simu akampigia Muriuki.

"Pole sana, Mama Triza. Nilisikia juzi, nikaishiwa nguvu," Muriuki alisema. "Hiyo si shida kubwa. Mzee alikuwa na akaunti yake na paswadi yake, sasa mashine inaona hizo vitu ni za mtu mwingine. Bonyeza kuendelea, alafu ungoje. Usiizime."

"Na ikikataa?"

"Haitakataa. Itachelewa tu."

Ikachelewa. Mstari wa kijani ulitambaa juu ya skrini huku sebuleni wakihesabu viti vya basi kwa mara ya nne. Kisha folda ikafunguka, na ndani yake, kati ya picha za timu ya kiwanda na risiti za hospitali, kulikuwa na faili aliyoitafuta: YULOGI WABWIRE FINAL. Nerima akaibonyeza. Mashine ikamuuliza itumie programu gani. Akachagua ile ya kuandikia barua, na ukurasa ukajaa vijisanduku na alama ambazo hakuna lugha inayozitumia.

Akajaribu kusimika upya ile programu yake ya kupangia kurasa, aliyoitumia tangu alipoanza kazi. Diski ya kuisimikia ilikuwa bado kwenye droo ya chini. Mfumo mpya uliitazama na kuikataa katakata, ukisema programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Akaizima mashine, akaiwasha, akajaribu tena, jibu likawa lile lile. Ilikuwa saa nne na nusu. Alijua angepaswa kuingiwa na hofu, na aliingojea hofu hiyo, lakini haikuja.

Alimpigia Muriuki tena, naye akamjibu, "Kuna programu ya bure, inaweza soma hizo faili za zamani. Si vizuri sana, itavuruga-vuruga mpangilio, lakini maneno utayapata. Ni kubwa lakini. Uko na bando?"

Triza aliingia akiwa bado na aproni, harufu ya moshi wa kuni nguoni. Alikuwa amesikia. Akaweka simu yake kando ya kibodi ikiwa tayari imewashwa kugawa intaneti.

"Tumia yangu, mum," alisema. Akajifuta mikono kwenye aproni. "Lakini kama imekataa, wacha tu. Si lazima niwekwe. Nitakaa na watu wa kanisa."

"Acha simu hapo," Nerima alisema.

Triza akarudi kwenye sufuria. Programu ikachukua karibu saa nzima kushuka. Mara mbili mtandao ulikatika, mara mbili Nerima akaurudisha bila kusonya, na hilo peke yake lingemshtua yeyote anayemjua. Saa sita kasoro dakika chache akaibonyeza faili kupitia programu mpya, na faili ikafunguka.

Ilikuwa vurugu tupu. Herufi zilikuwa zimepandana, kichwa cha habari kimekatika pembeni, na picha ya Wabwire imelala juu ya nusu ya ukurasa wa kwanza. Zile herufi za madoido alizozipenda Wabwire hazikuwemo kwenye mfumo mpya. Nerima akachagua herufi za kawaida, akapunguza ukubwa, akamshika Wabwire kwa kipanya na kumsogeza pembeni. Ndipo maneno yakaanza kuonekana, mstari baada ya mstari.

Yalikuwa maneno yake kabisa. Alieleza ng'ombe mwekundu wa baba yao aliyempiga Wekulo teke mbele ya wasichana wa kijiji. Alieleza kiwanda. Kuhusu mpira alijipa aya mbili: marehemu alikuwa mshambuliaji hatari, na anayesema vingine hakuwa uwanjani. Kuhusu ndoa alijipa sentensi moja, kwamba alimwoa Nerima na hakujuta. Nerima aliisoma hiyo, akaendelea.

Ukurasa wa mwisho ulisema: Ameacha watoto watatu, Ndirangu, Njoki na Naftaly.

Alisoma tena. Aliwajua watu hao. Walikuwa watoto wa mzee mmoja wa Njiru aliyemchapia yulogi mwezi wa pili. Wabwire alifanya kama alivyofundishwa, akafungua faili ya marehemu wa mwisho na kuandika juu yake, ila watoto hakuwafuta kwanza, na hakurudi kuwafuta baadaye. Nerima akatazama tarehe. Faili ilihifadhiwa mara ya mwisho tarehe kumi na nne Machi. Wabwire alikufa Novemba. Miezi minane alikula, akalala na kuzungumza humu chumbani, akamwambia mkewe kwamba amemaliza na kila mtu yuko ndani.

Ndipo kitu kikasogea ndani ya Nerima, na haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Aya mbili za mpira. Ng'ombe alipata nafasi. Alitamani kumwamsha amuulize kama alisahau, au aliogopa kaka zake, au aliona jambo lenyewe liko wazi kiasi kwamba halihitaji kuandikwa. Hakuna fundi ambaye angemfungulia hilo.

Kutoka sebuleni alisikia Wekulo akiuliza ni saa ngapi.

Nerima akafuta Ndirangu. Akafuta Njoki, akafuta Naftaly. Akaandika Triza. Akaandika Makokha, akaandika Job. Majina matatu, kwa vidole ambavyo kwa miaka kumi na moja havikuwahi kumwekea maiti neno mdomoni. Vilikuwa vimetulia kabisa. Akahifadhi, akaita, "Shemeji, njoo uone."

Wekulo akaja, akavaa miwani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alisoma kwa kunong'ona. Alipofika kwa ng'ombe akacheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akavua miwani, akajifuta kwa kiganja, akavaa tena. "Huyu ni yeye," alisema. "Huyu ni yeye kabisa." Akaendelea mpaka mwisho.

"Amemweka Triza wa kwanza."

"Wa kwanza."

"Aliandika hii lini?"

"Machi."

Wekulo akakunja miwani na kuirudisha mfukoni. "Basi amesema. Mimi ni nani? Tuma ikachapwe." Akainuka, na mlangoni akamkuta Triza, aliyekuwa amesimama na mwiko mkononi kwa muda ambao hakuna aliyeujua. Wekulo akamshika bega. "Mwanangu, nenda uone mahali baba yako amekuandika."

Triza akaja, akainama mbele ya skrini, akaweka kidole juu ya jina lake. Alikuwa amepika siku sita, ameosha masufuria ya waombolezaji, hakuna aliyemsikia akilia. Sasa alilia kwa sauti iliyowaleta wanawake wote chumbani mbio. Alimwita Wabwire, Baba, Baba, mpaka akaishiwa na pumzi, kisha akamgeukia mama yake, uso wote umelowa.

"Mum, aliandika mwenyewe?"

"Aliandika mwenyewe," Nerima alisema.

Akaituma faili Muthurwa. Wanawake wakamzunguka, wakamtazama, wakijua kwamba sasa zamu ni yake. Na kweli kilio kilikuwa kimefika kwa mara ya kwanza. Akakimeza. Alijua akikiachilia atasema anacholilia, na hilo hawezi kulisema mbele ya Triza leo, wala Ijumaa kaburini, wala siku nyingine yoyote.