Mwisho wa Chebet Nilioufuta Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni ya kuchapisha vitabu hapa Nakuru, Mhariri Mkuu alinipa kalamu nyekundu na rundo la prufu, yaani kurasa za majaribio zinazosomwa kabla kitabu hakijapigwa chapa. "Sahihisha makosa," akasema. "Hadithi ni ya mwenyewe." Nilimwamini. Nyinyi vijana mnaotaka kuwa wahariri, msiamini upesi hivyo.

Alipostaafu tukaletewa Meneja wa Uchapishaji. Wakati huo mezani kwangu palikuwa na kazi ya Mwalimu Nekesa wa Sachangwan. Ilihusu Chebet, binti wa kibarua wa shamba la pareto, na kijana wa mzungu mwenye shamba. Walipendana kweli. Lakini Chebet alikataa kuolewa mpaka kijana ang'oe seng'enge ya babake na kuwarudishia wenyewe ardhi yao. Akaing'oa kwa mikono yake, ndipo akaruhusiwa kuja kuposa. Nilisoma nikalia.

Meneja hakulia.

"Wanaotununulia vitabu ng'ambo hawatapenda hii. Mambo ya shamba toa. Wapeleke London wafanye harusi."

"Hapo utakuwa umeiua hadithi," nikamwambia.

"Kwani wewe ni editor ama mwanasiasa?"

Nilikuwa na watoto shuleni. Nikaufuta ule mwisho kwenye prufu, nikaandika mwingine pembeni, nikatia sahihi. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka, na simkasirikii Meneja peke yake. Wazungu walichukua ardhi, kisha wakataka hata mapenzi yetu yawaombee msamaha, na aliyeshika kalamu ni mimi!

Kwa kuwa mwandishi lazima aone prufu, ilimfikia Nekesa. Alikuja ofisini siku iyo hiyo.

"Nani amempeleka Chebet London?"

"Ni ofisi, Mwalimu."

"Ofisi haina mwandiko. Huu ni wako."

Akadai mswada wake, akaubeba, akaenda. Kitabu hakikutoka.

Mimi nilibaki. Nilipandishwa cheo, nikahariri harusi nyingine nyingi za London, na siku ya kustaafu nikaagwa kwa keki na hotuba. Mwaka jana nilikwenda Sachangwan kumwomba Nekesa ule mswada niuchape mwenyewe, neno kwa neno. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akanisikiliza hadi nikamaliza.

"Wacha tu, dada," akasema. "Wewe utaurekebisha tena."