Goti Langu na Barabara ya Homa Bay

Kabla ya kukimbia nilikuwa nimejaribu kutengeneza redio, kufuga nyuki na kusoma hesabu za sekondari, yote kwa kujifundisha mwenyewe kutoka vitabuni, na hakuna hata moja niliyoimaliza. Redio ilibaki imefunguliwa juu ya kabati. Nyuki walihama. Hesabu ziliishia mahali ambapo herufi zilianza kuwa nyingi kuliko namba.

Hayo yote wenzangu waliyajua. Tulikuwa mafundi sita katika gereji moja pale Awendo, katikati ya miaka ya tisini, tukitengeneza trela za kubebea miwa. Waliniita Sura ya Kwanza, kwa sababu, walisema, hakuna kitabu nilichowahi kukivusha hapo. Niliitikia jina hilo kwa miaka mitatu. Lilinichoma, lakini sikuwa na ushahidi wa kulikanusha.

Kitabu cha mbio nilikinunua Migori, kwa muuzaji wa mitumba aliyekuwa ametandaza vitabu juu ya gunia. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi kuanzia mvua za masika hadi mahindi yalipokomaa. Kilieleza namna ya kuongeza umbali kidogo kidogo, siku za kupumzika, na chakula. Kilikatika katikati ya sentensi, asubuhi ya siku ya mbio ndefu, mkimbiaji akiwa anafunga kamba za viatu.

Tatizo langu lilikuwa goti la kulia. Kwa miaka kumi nilikuwa nimelipiga kwenye sakafu ya saruji chini ya trela. Daktari wa kliniki alilibonyeza, akaniambia mbio niwaachie watoto wa shule. Sikubishana naye. Nilirudi nyumbani, nikakata uzi, nikauzungusha kwenye goti asubuhi kabla halijafanya kazi yoyote, nikatia fundo kwenye kila ncha pale zilipokutana. Tangu siku hiyo nililipima kila jioni. Ncha zikipungua kukutana kwa upana wa kidole kimoja, goti lilikuwa limevimba, na kesho yake nilipumzika. Zikikutana, nilikimbia. Uzi huo ulinilinda miezi minane na niliuamini kuliko mtu yeyote.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana nilisema nitakimbia kutoka pale gereji mpaka Homa Bay, kupitia Rongo na Rodi, bila kutembea hata hatua moja.

Fundi mzee aliweka chini sahani yake ya githeri. "Na ukifika Rongo uone kitabu kingine?"

Wakacheka wote. Mchomeleaji kijana, aliyekuwa rafiki yangu, akasema yeye atanifuata na baiskeli awe shahidi.

"Omera, ndugu yangu, beba kamba," mzee akamwambia. "Utamrudisha juu ya kerea ya baiskeli kama mbuzi."

Tulichagua siku ya sikukuu, kwa kuwa gereji ingefungwa. Hapo nilifanya kosa la kwanza, maana juma hilo trela tano ziliingia kwa pamoja na nilishinda nimechuchumaa siku nne. Usiku wa kuamkia safari mapaja yaliniuma hata nikigeuka kitandani, na ncha za uzi zilipungua kwa kidole na nusu. Kwa kanuni yangu mwenyewe nilipaswa kulala. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiwa na uzi mkononi. Kisha nikautia mfukoni mwa kaptura na kuweka viatu mlangoni. Nikiahirisha, nilijua, hakuna mtu pale gereji atakayeuliza habari za goti.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Malori ya miwa yalikuwa yamepangana kando ya barabara yakingoja zamu, na harufu ya molasi ilikuwa nzito hewani. Nilianza polepole, kama kitabu kilivyoagiza. Mpaka Rongo maumivu yalikuwa ya mapaja tu, na hayo nilikuwa nayo tangu kitandani, kwa hiyo sikuyahesabu. Mchomeleaji alipiga mluzi nyuma yangu, akinipa maji na glukosi kila tulipopita kituo cha soko. Kwenye kerea alikuwa amefunga mfuko wenye suruali yangu ndefu na shati la mikono.

Mfuko huo ulikuwa na sababu. Nyumbani kwa wakwe zangu ni juu ya barabara hiyo hiyo, kilimani, kabla ya kuteremkia mjini Homa Bay. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake, ambaye tunamwita maro, hupeana nafasi. Humwendei ovyo, hukai naye karibu, na huonekani mbele yake mapaja wazi. Lakini pia huwezi kupita mlangoni kwake bila kumsalimu, maana hiyo ni dharau itakayozungumzwa na watoto wako. Nilikuwa nimelipanga hilo. Kabla ya kilima ningevaa suruali huku nikirukaruka papo hapo, ambako si kutembea, kisha ningepita na kusalimu kwa mbali. Nilikuwa hata nimelifanyia mazoezi nyuma ya nyumba.

Kabla ya Rodi gurudumu la nyuma la baiskeli likapata pancha.

"Wewe enda," mchomeleaji akasema, tayari amepiga magoti. "Naziba hii, nakupata."

Nilienda. Sikujua kwamba solusheni, ile gundi ya viraka, ilikuwa imekauka ndani ya tyubu yake. Ni mimi niliyekagua vifaa vile usiku. Nilihesabu viraka, nikahesabu spana, na ile tyubu ya gundi niliibonyeza kwa nje tu, nikaridhika.

Nilipopita Rodi goti lilianza kazi yake. Kwanza lilipata joto. Halafu likawa kama kuna changarawe ndani, na kila mguu wa kulia ulipotua changarawe ilisogea. Nilijaribu kuhesabu hatua mia mia. Nikafika mia, nikaanza tena. Uzi ulikuwa mfukoni lakini kuupima ni kusimama. Nilitazama nyuma mara mbili na barabara ilikuwa tupu. Jua lilikuwa limeshapanda, na sikuwa na maji wala suruali. Kilima cha wakwe kilikuwa mbele yangu.

Si kilima kirefu. Mtu mwenye magoti mazima hawezi kukikumbuka. Mimi nilikipanda kwa hatua fupi kama za mtu anayebeba beseni limejaa, mguu wa kushoto ukifanya kazi na wa kulia ukifuata kwa shida, lakini katika kila hatua yote miwili ikiachana na ardhi kidogo. Nilikuwa nusu ya kilima nilipowaona wanawake. Walikuwa wanne, wameketi pembeni pale juu na dagaa wa omena juu ya magunia, na wa katikati, mwenye kitambaa cha samawati, alikuwa maro.

Niliona njia mbili tu. Kusimama, nijifiche kwenye kichaka mpaka suruali ifike, na safari ife. Au kupita mbele yake nikiwa na kaptura, bila salamu, nikiwa mume wa binti yake. Nikisimama nilijua goti halitakubali kuanza tena. Nilipunguza mwendo mpaka karibu nisiwe na mwendo.

Mmoja wa wale wanawake akaniona. Akasema kwa Kidholuo, si kwa sauti kubwa, "Orwa huyo," yaani mkwe wetu huyo.

Maro aliinua macho mara moja. Alitazama kaptura, nadhani alitazama na goti. Kisha akazungusha kiti chake kidogo cha miguu mitatu, akanipa mgongo, uso ukielekea shambani. Wale watatu wakamwangalia, wakageuka pia mmoja baada ya mwingine.

"Kuna mtu anapita," akasema akiwa ametazama mihogo. "Apite. Hapa hakuna aliyemwona."

Nikapita. Migongo minne na omena. Sikusema neno, kwa kuwa mtu ambaye hajaonekana hana salamu ya kutoa.

Kutoka pale ni mteremko, na mteremko ndio unaoua goti. Lakini sikuwaza tena kusimama. Karibu na nyumba za kwanza za mjini pikapu ilinifikia, na juu yake mchomeleaji na baiskeli yake, akipiga kelele na kuipeperusha suruali yangu kama bendera. Alinifuata hadi ufukweni. Niliingia ziwani na viatu, maji yakafika magotini, nikashika uzi wangu nikapima. Ncha zilipungua kwa vidole vitatu.

Alasiri, nikiwa nimeoga na nimevaa suruali na shati la mikono, tulipanda kurudi kilimani kusalimu. Niliketi mbali, kama inavyotakiwa, mguu umenyooka mbele yangu kwa kuwa ulikataa kukunjwa. Maro aliuliza habari za watoto, na za mvua za Awendo. Mchomeleaji ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama, asubuhi kuna mtu alipita hapa mbio?"

"Sikuona mtu."

"Shida ni hiyo, mama. Mimi nilibaki na pancha. Huko kazini wataniuliza kama hiki kilima alikipanda kwa kukimbia, na mimi sitasema uongo."

Maro alipanga upya omena zilizobaki. "Niligeuza uso," akasema. "Masikio sikuziba." Akagonga ubao wa kiti kwa kiganja, pigo moja jepesi, moja zito, jepesi, zito, bila kupumzika, muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Hivyo. Tangu kule chini kwenye kidaraja cha kalvati mpaka akapita. Anayetembea, nyayo zake hazilii hivyo. Na huyo mtu mwambieni mguu wa kulia autafutie dawa."

Siku ya kurudi kazini fundi mzee alikuwa chini ya trela, miguu tu ikionekana. Alimsikiliza mchomeleaji mpaka mwisho.

"Na hapo kwenye kilima shahidi ni nani?"

"Maro wake."

Spana ilinyamaza. Kwetu mtu anaweza kumbishia chifu, lakini hawezi kusema mama mkwe wa mwenzake ni mwongo.

"Basi alikimbia," mzee akasema kutoka chini ya trela, na akaendelea kukaza nati.

Siku tisa sikuweza kupiga magoti, nikafanya kazi za kusimama. Hakuna aliyelalamika. Siku ya pili mzee aliniita kutoka upande wa pili wa gereji nimshikie ekseli, na aliniita kwa jina langu.